Nilivyopanda Jukwaani Bila Kuitwa

Shuleni, upande wa Kinoru, Meru
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba Wanja,

Nakushika mkono kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyoacha juu ya kabati, unapaka ama unaiangalia tu? Cucu mama yako anakula? Mwambie asikae nje jioni ukungu ukishuka, na usimwambie kwa ukali, mwambie kama unamtania, ndipo anasikia. Na ng'ombe kama hajazaa mpaka leo, mwite daktari wa mifugo. Usingoje ati Mungu atajua. Mungu anajua, lakini daktari ndiye ako na sindano.

Mimi ni mzima. Ule mguu uliokuwa unavimba umeshuka. Chakula tunakula, maharagwe na mahindi, mahindi na maharagwe, na Jumapili wanabadilisha wanaita githeri spesheli kwa sababu wameweka karoti.

Barua hii nimeianza jana na leo naimalizia, kwa sababu Njue ndugu yako amepita hapa akitafuta mbegu ya viazi na nimemshikilia na chai. Ukiona mwandiko unakimbia ujue ni yeye anasema, "Shemeji, gari litaniacha." Ningepiga simu. Lakini kwa simu mimi na wewe hatumalizi maneno. Wewe unasema "sawa," na mimi ni mke wako, najua hiyo sawa yako saa zingine si sawa. Tena najua unaiweka simu juu ya meza ili Cucu asikie pia, halafu Cucu anaanza kuomba, na hapo mambo yangu yanaisha na amina.

Kuna swali umeniuliza. Madam Karambu, mwalimu mkuu wetu, ameniuliza hilo hilo: nabaki huku na kazi hii ya muziki, ama narudi nyumbani Kanja? Wewe unataka nirudi. Yeye alitaka jibu kufikia Ijumaa. Jibu liko ndani ya barua hii, lakini tafadhali usiruke mbele kulitafuta. Soma pole pole. Kwanza ujue kilichotokea, maana ulichosikia kwa watu ni mfupa tu, nyama hawakukupa.

Wewe unajua nilikuja hapa kuwa matroni. Kuamsha wasichana, kuangalia kama wameoga kweli ama wamelowesha taulo tu, kukaa na wagonjwa. Kengele ya bweni iliharibika, nikawa nawaamsha na wimbo, napita kati ya vitanda nikipiga sufuria na mwiko. Mwanzo walinichukia sana. Halafu siku moja mmoja akaitikia akiwa bado ndani ya blanketi, na mwingine, na mwingine, mpaka bweni lote likawa linaimba likiwa limelala. Hapo ndipo Madam Karambu alinisikia.

Mwalimu wa muziki alipoajiriwa na serikali aliondoka mara moja, na mashindano ya muziki yalikuwa yamekaribia. Madam akaniita ofisini.

"Mama Wanja, wewe unajua kuimba."

"Za kanisa na za matanga tu, madam."

"Na za harusi?"

"Za harusi ndio usiseme."

"Basi utashika idara ya muziki mpaka tupate mwalimu."

Nikamwambia, "Madam, mimi niliachia darasa la saba. Zile alama za muziki mimi naona ni ndege wamekaa juu ya waya. Sizijui."

"Hizo Mwalimu Mutuma wa hesabu atakusaidia, yeye hupiga kinanda kanisani kwao. Wewe shika watoto."

"Na vitanda?"

"Na vitanda pia."

Hivyo ndivyo mke wako alivyokuwa mkuu wa idara, Baba Wanja. Usicheke. Najua umecheka.

Idara yenyewe ni chumba kimoja kando ya stoo ya kuni. Kuna ngoma, kayamba, filimbi za plastiki ambazo kila msichana anaogopa kuweka mdomo kwa sababu haijulikani nani aliweka kabla yake, na kinanda cha umeme ambacho ukibonyeza vitufe vingine vinashuka na havirudi juu mpaka uvinyanyue na ukucha. Kwa mkutano wa wakuu wa idara nilikaa mwisho kabisa karibu na dirisha. Mwalimu wa sayansi akaongea Kiingereza, wa lugha akaongea Kiingereza, halafu Madam akanigeukia: "Muziki, kuna jambo?" Nikasimama. Nikasema, "Panya amekula ngoma." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilikaa chini nikiwa nimeiva uso. Lakini siku iliyofuata mzee wa bustani alileta paka.

Wasichana wakaanza kuniita Mama Idara. Mwanzo ilikuwa ni ya kunichokoza. Baadaye ikawa ni jina tu.

Nimetoka kidogo hapo, kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza anatapika. Nimerudi. Ni mandazi alikula mengi, si kitu. Nimempa maji ya moto na chumvi kidogo na amelala. Lakini nitaenda kumwangalia tena, moyo wangu haujakubali.

Sasa wimbo. Ule wa kuandikiwa, wa alama, Mwalimu Mutuma aliusimamia na siku ya mashindano ulienda vizuri, wasichana wakawa nafasi za katikati. Mimi nilipewa wimbo wa kienyeji. Nikafikiria wa mavuno, nikafikiria wa mtoto kuzaliwa, halafu nikasema, hapana, nitawafundisha wimbo wa mlango, vile tunafanya bibi harusi akichukuliwa. Nusu ya wasichana wanakuwa watu wa bibi harusi, wamefunga mlango, wako ndani. Nusu wanakuwa watu wa bwana harusi, wako nje wanaomba kufunguliwa. Wa ndani wanauliza kwa wimbo, wa nje wanajibu kwa wimbo, na hakuna kufungua mpaka majibu yatoshe.

Unakumbuka yetu? Watu wako walisimama kwa manyunyu hapo kwa baba mpaka shangazi yako akaishiwa maneno akaanza kuimba za kanisa. Mimi nilikuwa ndani na mama zangu wadogo, wananifunika mdomo nisicheke. Walikuwa wanasema, "Muache alowe kidogo, ajue mtoto wa watu haokotwi." Na wewe uliimba pia, Baba Wanja. Uliimba vibaya. Hiyo ndiyo sauti iliyofanya nikawaambia wafungue, nikisema huyu akiendelea hivyo tutaaibika sisi sote.

Hawa wasichana harusi kama hizo wanaziona kwa simu. Wanajua gauni na keki. Kwa hivyo niliwafundisha kutoka chini. Nikawaambia wimbo huu hauna maneno ya kukariri. Mwitikio unajulikana, lakini anayeongoza anajibu vile ameulizwa. Akiulizwa mmeleta nini, anasema. Akitukanwa kwamba wamekuja na viatu vya matope, anarudisha. Kule ndani nilimweka Nkatha aongoze, msichana wa hapa Meru mjini, mdomo wake ni wembe, lakini moyo ni maziwa. Nje nikamweka Makena wa Kangeta.

Makena nilikuambia habari yake. Ni yule aliyefiwa na mama muhula wa kwanza. Mimi ndiye niliyemfungia sanduku siku alipochukuliwa kwenda mazishi, na alikuwa anakunja nguo zake moja moja, polepole, kama mtu anakunja ili zisiishe. Aliporudi hakuongea kwa siku nyingi. Halafu tukaanza wimbo wa mlango, nikasikia sauti inatoka kule nyuma, nzito, haina haraka. Nikauliza, "Nani huyo?" Wakamsukuma mbele. Tangu hapo akawa wa nje. Aliwajibu wa ndani mpaka wao wenyewe wakasahau kuimba wakacheka. Nkatha alimwambia siku moja, "Wewe wa Kangeta, mmetuletea miraa ya jana!" Na yeye akarudisha papo hapo kwamba afadhali ya jana inayotafunwa kuliko chai yenu ya Kinoru inayokoroga sukari kwa masikio. Sijui maana yake ni nini, lakini tulicheka tukalia.

Mwalimu Mutuma alikuja kusikiliza mazoezi. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mama, ni nzuri sana. Lakini andika maneno."

"Wimbo wa mlango hauandikwi, mwalimu."

"Pale jukwaani kuna muda. Kukitokea kitu, mtoto anashika kile kilichoandikwa."

"Ukishaandikwa, huo si mlango. Ni ukuta umechorwa mlango."

Akaniangalia, akasema, "Haya, Mama Idara," akaenda. Alikuwa amenishauri vizuri na mimi nilijiona mjuaji. Hilo nakuandikia wazi ili ukisikia wakisema mwalimu wa hesabu hakusaidia, ujue si kweli.

Siku ya mashindano tulienda kwa shule nyingine kubwa, ina ukumbi wenye viti vya kukunja. Sikulala vizuri, sikula. Nilirudi bwenini kuangalia kama kuna mtu amesahau kanga ya kufunga kiunoni, nikapata hakuna, nikarudi tena. Dereva wa basi aliniuliza, "Mama, kwani ni wewe unaolewa?" Wasichana wakapiga vigelegele. Nilikuwa bado nimevaa aproni ya kazi, na sikuivua kwa sababu mifuko yake ilikuwa imejaa pini, uzi, maji ya chumvi ya koo na vitambaa.

Baba yake Makena alikuja kutoka Kangeta. Mzee wa miraa, koti kubwa, kofia ameishika mkononi kama yuko kanisani. Alikaa nyuma kabisa. Makena alikuwa amemwambia, "Baba, mimi ndiye nitaongoza," na akaacha soko kuja kusikia.

Wasichana wakaitwa. Mlango wetu ulikuwa ni shuka mbili zimeshikwa na wasichana warefu. Wa ndani huku, wa nje kule. Mimi nilisimama pembeni chini, pale wanasimama wanaofundisha. Sheria ni kwamba hauendi juu, hauongei. Nilikuwa nimeambiwa, na nilikuwa nimekubali.

Baba Wanja, walianza vizuri jamani. Ukumbi ulikuwa na kelele na ukanyamaza. Nkatha akauliza wametoka wapi, Makena akajibu. Akauliza barabara ilikuwaje, Makena akamwelezea matope ya huko kwao mpaka watu wakaanza kupiga makofi kabla ya wakati. Nkatha akapata moto. Na mtu akipata moto anaimba kile kiko karibu na ulimi. Akauliza lile swali ambalo kila mlango huuliza, wewe unalijua, hata watu wako waliulizwa: mmekuja vijana watupu, mama wa kuongea yuko wapi?

Na wale wote wa ndani wakaitikia: yuko wapi, yuko wapi.

Sikuwa nimefikiria. Kwa mazoezi Nkatha alikuwa hajawahi kuuliza hilo, na mimi sikumwambia asiulize. Kama maneno yangekuwa yameandikwa lisingekuwa hapo.

Makena alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Nkatha aliona. Niliona uso wake ukibadilika, mkono ukaenda mdomoni. Sasa naye hawezi kuimba. Lakini waitikiaji hawajui, wao kazi yao ni kuitikia, na wanaendelea kucheza na kuitikia: yuko wapi, yuko wapi, yuko wapi. Anayeuliza amenyamaza, anayejibu amenyamaza, na mlango hauwezi kufunguka kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia hakuna kufungua bila jibu. Wasichana wazuri. Walitii. Makena amesimama katikati, mikono imeanguka, anaangalia kule nyuma kwa baba yake. Na baba yake amesimama, kofia imeanguka chini.

Sijui nilipanda vipi. Ngazi zilikuwa upande ule mwingine, kwa hivyo nafikiri nilipanda bila ngazi, na mguu wangu huu. Nilijikuta niko juu, aproni na yote, niko nyuma ya Makena, na naimba. Sikuongea, niliimba, kwa Kiembu chetu: "Mama niko, niko hapa, nilikuwa nyuma na mzigo, fungueni mtoto aingie."

Wa ndani walishtuka. Halafu mmoja wa wale warefu wa kushika shuka akaiangusha, wakapiga vigelegele, wakatoka kumkumbatia Makena kama vile harusi ni ya kweli, Nkatha wa kwanza. Ukumbi wote ulisimama. Hata watoto wa shule zingine tulizokuwa tunashindana nazo walikuwa wanapiga vigelegele.

Halafu jaji akapiga kengele.

Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Aliongea polepole. Alisema amehukumu nyimbo nyingi, na huu ulikuwa unaishi. "Lakini mwalimu hawezi kuingia jukwaani kuimba na wanafunzi. Sheria si yangu peke yangu. Wimbo huu nauondoa." Akasema pole. Nilitaka sakafu inimeze. Wasichana arobaini na kitu wananiangalia, muhula mzima wamekuwa wakifanya mazoezi na mimi, na nimewaondoa kwa mguu wangu.

Nje, baba yake Makena alinifuata. Nilidhani anakuja kunigombeza kwa kumwaibisha mtoto wake mbele ya watu.

"Mama," akasema, "hiyo maneno ya jaji mimi sikuelewa. Kosa lilikuwa gani?"

"Niliingia jukwaani, na haikubaliwi."

"Lakini aliulizwa mama yuko wapi."

"Ndiyo."

"Na mama akaitika."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa?" Akangoja nimwelezee. Halafu akavaa kofia yake akaenda kumnunulia mtoto soda.

Kwa basi Nkatha alikuwa analia, amejificha na sweta. Nilikaa mbele, sikuweza hata kugeuka. Halafu nikasikia sauti ya Makena: "Nkatha, wacha kulia. Ulifunga huo mlango vizuri sana. Ningekuwa mimi ningefunga na kufuli." Mwingine akasema, "Mama Idara ndiye alivunja!" Na mwingine: "Aliingia na dirisha!" Wakaanza kunicheka, Baba Wanja, na mimi nikaanza kucheka, na nikawa nalia pia, dereva ananiangalia kwa kioo.

Siku hiyo hiyo jioni nilikupigia, unakumbuka. Nilikuwa nataka kukuambia yote haya. Nikasema tu tumeondolewa, na wewe ukasema, "Basi sasa mmeshindwa. Fungasha urudi." Hukusema kwa ubaya, najua. Ulikuwa umetoka kupeleka majani chai kituoni kupimwa, umechoka, uko peke yako na Cucu na ng'ombe. Lakini nilikaa na hiyo "fungasha" siku nyingi. Nilitoa begi chini ya kitanda. Nikaweka nguo mbili. Nikatoa. Nikaweka tena. Wasichana wakaona begi wakaanza kunong'ona, nikalirudisha chini ya kitanda na mguu.

Moyo haukutulia kabisa. Nikikaa naona wewe unachuma majani chai na huo mgongo. Nikisimama nasikia mtu anapiga ngoma vibaya kule stoo ya kuni na miguu inanipeleka huko kabla sijaamua. Nikienda huko nafikiria Cucu ameanguka. Nikimpigia Wanja akiwa amepita hapo nyumbani, anasema, "Mama, Cucu yuko sawa, anakula ndizi." Nakata simu, na dakika si nyingi nataka kumpigia tena niulize ni ndizi gani.

Madam Karambu aliniita baada ya wiki. Nilivaa sweta ile nzuri, nikijua nafukuzwa.

"Mama Wanja, ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria, madam."

"Hiyo ndiyo shida." Akasukuma simu yake kando. "Wazazi wengine wamepiga simu kulalamika. Watoto wao walinyimwa nafasi. Wako na haki."

"Wako na haki, madam."

"Mwenye shule anataka tulete kijana wa diploma, amemaliza chuo na hana kazi. Nikimwita, atakuwa mkuu, na wewe utarudi kwa vitanda. Ama kama nyumbani wanakuhitaji, nitakuandikia barua nzuri. Lakini kama utabaki, nataka ubaki kwa kweli, mpaka mwaka ujao tuingie tena pale na tutoke kwa haki. Sitaki mtu aliye na begi chini ya kitanda."

Nikashangaa anajuaje begi. Hawa wasichana.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema.

Njue amemaliza chai na ananiangalia. Nimempa ndizi.

Sasa nisikilize, Baba Wanja. Sitakudanganya kwamba ni kwa sababu ya mshahara, ingawa unajua unasaidia. Sitakudanganya pia kwamba ni kwa sababu ya Makena, maana Makena ako na baba, na ako na Nkatha ambaye sasa hawaachani hata kwenda choo. Mimi si mama yake na yeye anajua. Wale wazazi waliolalamika, nimefikiria mmoja mmoja. Kuna msichana wa kidato cha nne ambaye mwaka ujao hatakuwa hapa. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho na mimi niliikanyaga na mguu. Nilimwita nikamwomba msamaha. Akasema, "Mama Idara, hakuna neno." Lakini macho yalikuwa na neno. Sitaki kuja Kanja nikiwa nimeacha hayo macho huku.

Ijumaa nilienda ofisini. Nikasema, "Madam, nabaki."

Akauliza, "Na sheria?"

Nikamwambia, "Nitaandika maneno. Mwalimu Mutuma atanisaidia kuandika. Na tutafanya mazoezi na saa. Na kijana wa diploma mwite pia ukiweza, nitafurahi, afundishe wale ndege wa waya, na siku akiwa tayari nitampa kiti bila kelele. Lakini sitakuahidi kwamba mtoto akikwama mbele ya watu nitakaa. Nikikuahidi hiyo nitakuwa nakudanganya."

Madam alishika kichwa. Akasema, "Basi mwaka ujao nitakufunga kamba kwa kiti."

"Nifunge, madam."

Hilo ndilo jibu. Nimejibu kabla ya kukuuliza, na najua itakuuma. Ningekuuliza kwanza ungesema "sawa," na mimi ningekuja nyumbani na hiyo sawa yako, nikae nayo jikoni mpaka tuzeeke. Ukitaka kukasirika, kasirika. Lakini kasirika kwa karatasi, uniandikie kwa mkono wako. Usipitishe kwa Wanja, na usimwambie Cucu aniombee nibadilike.

Shule ikifungwa nitakuja likizo yote. Nitachuma majani chai, nitakukanda huo mgongo, nitalala na Cucu kama kunanyesha. Halafu muhula ukifunguliwa nitarudi huku. Nimejaribu kujiuliza kama nikija kabisa nitatulia, na nimeona hapana. Huku situlii kwa sababu yako, na huko sitatulia kwa sababu ya hawa. Basi kama ni kutotulia, afadhali nisitulie nikiimba.

Nisalimie Cucu, mama yako, na umwambie sweta yake ya rangi ya kahawia namalizia mikono. Msalimie binti yetu Wanja na mume wake, mwambie nimeacha kupiga simu mara nyingi, ingawa atajua si kweli. Msalimie Mama Mukami jirani anayetusaidia kukamua, mwambie Mungu amwone. Shangazi yako wa manyunyu msalimie pia, mwambie sasa namwelewa, kuishiwa maneno si mchezo. Na mchungaji, mwambie niko, sijahama kanisa.

Njue amesimama na gunia begani, amekataa chai nyingine.

Siku nitakayofika, usiniulize mbele ya watu kama nimerudi. Nitakuwa nimekuja. Niandalie tu uji, na uketi karibu, nikuambie yale ambayo karatasi imekataa kubeba.

Ni mimi mke wako,
Mama Wanja